Kutoka Kalamu ya Mwanzi hadi Fonti ya Kompyuta: Amana ya Herufi katika Kuchapa Maandishi ya Dini

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, makala hii imetokana na kosa, na kosa lenyewe ni letu. Miaka michache iliyopita tulitengeneza kijitabu kwa ajili ya darsa za mwezi wa Ramadhani. Kila ukurasa ulikuwa na aya juu, tafsiri yake ya Kiswahili chini, kisha maelezo mafupi. Ili kazi iende haraka tulitayarisha kiolezo kwenye kompyuta: mahali pa aya pamewekewa fonti yake, mahali pa tafsiri pamewekewa fonti yake, na anayeandika kazi yake ni kubandika maneno tu. Nakala ya majaribio ilipotoka tuliitazama, tukaipenda, tukaiambia kazi iendelee. Khati ilikuwa safi, irabu zote zipo, mistari imenyooka.

Nakala zilipokwishagawiwa msikitini, kijana mmoja anayehifadhi Qur'ani alituijia baada ya sala ya alasiri akiwa na kijitabu mkononi. Alisema kwa adabu, "Masheikh, samahanini. Tafsiri hii naijua ni ya aya gani, lakini Kiarabu kilichoandikwa juu yake si aya hiyo." Tukasoma. Alikuwa mkweli. Katika kurasa kadhaa, maneno ya juu yalikuwa vipande vya aya nyingine kabisa. Hakuna herufi iliyovunjika wala nukta iliyopotea. Kila kitu kilikuwa kizuri isipokuwa kwamba hakikuwa kile tulichokusudia kuandika.

Kosa hilo lilitokeaje, na historia yetu inatufundisha nini juu yake? Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza hapa, kwa sababu leo kila madrasa na kila msikiti una kompyuta, na wengi wanachapa vijitabu kama tulivyofanya sisi.

RASMU NA KHATI

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna rasmu, yaani namna neno linavyoendelezwa: herufi gani inaandikwa na gani inaachwa. Na kuna khati, yaani umbo la herufi hizo machoni. Maulamaa waliposhikilia kwamba msahafu uandikwe kwa maandishi ya Sayyidna Uthman (r.a.), walikuwa wakizungumzia rasmu. Imam Malik (aliyefariki mwaka 179 Hijria) aliulizwa kama inafaa msahafu uandikwe kwa maendelezo ambayo watu wameyazusha, akajibu kuwa haoni hivyo, bali uandikwe kama ulivyoandikwa mwanzo. Habari hii ameipokea Imam Abu Amr al-Dani katika kitabu chake al-Muqni'. Wapo wengine, kama al-Izz bin Abdissalam, waliowaonea huruma watu wa kawaida wasije wakakosea kusoma, wakaruhusu maendelezo yaliyozoeleka. Hata hivyo, walio wengi walibaki na rasmu ya kwanza.

Ama khati, hiyo imebadilika zama baada ya zama. Misahafu ya karne ya kwanza iliandikwa kwa herufi za kulala za Hijazi. Ikafuata khati ya Kufi yenye pembe. Kisha akaja waziri Ibn Muqla wa Baghdad (aliyefariki mwaka 328 Hijria, sawa na 940), aliyeweka kanuni ya kupima kila herufi kwa nukta ya kalamu na kwa urefu wa alifu. Baada yake akaja Ibn al-Bawwab, ambaye msahafu wake wa mwaka 391 Hijria umehifadhiwa mpaka leo katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin, ukiwa katika khati ya naskhi ambayo mtoto wa chuoni wa leo anaweza kuisoma. Mabadiliko hayo ya umbo yalipokelewa, maadamu rasmu ni ile ile na msomaji hapotoshwi.

Nukta na irabu nazo zina kisa chao. Msahafu wa kwanza haukuwa nazo. Abul-Aswad al-Du'ali (aliyefariki mwaka 69 Hijria) anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuonyesha irabu kwa nukta za rangi. Nukta za kutofautisha herufi, mathalani ba na ta, zinanasibishwa kwa Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar katika zama za Hajjaj huko Iraq. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi ndiye aliyetupatia alama za fat-ha, kasra na dhumma kwa umbo linalokaribiana na tunalolijua. Katika wema waliotangulia wapo waliochukia nyongeza hizo, wakiogopa kuchanganya na Qur'ani kisichokuwa Qur'ani. Lakini Imam al-Nawawi alipokuja kuandika juu ya adabu za wachukuzi wa Qur'ani, alisema kutia nukta na irabu kunapendeza, kwa sababu kunaulinda msahafu usikosewe na usipotoshwe.

Angalia basi kipimo alichokitumia. Hakuuliza kama jambo ni jipya au la zamani. Aliuliza kama linalinda matamko au linayaharibu. Kipimo hicho tukikishika vizuri kitatufaa mbele.

RISASI NA MAWE

Herufi za Kiarabu za kupiga chapa kwa vipande vya madini hazikuanzia katika nchi za Kiislamu. Kitabu cha kwanza kinachojulikana kilichapwa Italia mwaka 1514, nacho kilikuwa kitabu cha sala cha Wakristo. Msahafu wa kwanza kuchapwa ulitoka Venice kati ya mwaka 1537 na 1538, katika kiwanda cha Paganino Paganini na mwanawe Alessandro. Inaelekea walikusudia kuuza katika dola ya Uthmaniya. Biashara hiyo haikufaulu, na kwa muda mrefu watu walidhani hakuna hata nakala moja iliyosalia, mpaka moja ilipopatikana mjini humo humo Venice mwaka 1987. Waliouchunguza walikuta makosa mengi. Dali na dhali, ambazo tofauti yake ni nukta moja tu, hazikutofautishwa, na irabu hazikutimia. Msomaji, huo haukuwa msahafu wa mtu kusomea.

Hapa panafaa kusahihisha maneno yanayorudiwa sana, kwamba masultani wa Uthmaniya walipiga marufuku mitambo ya chapa kwa adhabu ya kifo tangu mwaka 1485, kwa sababu maulamaa waliichukia elimu. Watafiti wa miaka ya karibuni wameitafuta amri hiyo na hawakuiona. Wanachokiona ni simulizi za wasafiri wa Ulaya. Tunachokijua kwa yakini ni kwamba mwaka 1727 Sultan Ahmed wa Tatu alimpa Ibrahim Müteferrika idhini ya kufungua kiwanda Istanbul, na kwamba Sheikhul-Islam Abdullah Efendi alitoa fatwa ya kukijuzisha. Kitabu cha kwanza, kamusi ya Vankulu, kilitoka mwaka 1729. Idhini hiyo ilihusu kamusi, historia, falaki na mfano wa hivyo. Vitabu vya tafsiri, hadithi na fiqhi havikuingizwa.

Jambo la kuzingatia katika idhini hiyo ni sharti lake: waliwekwa watu wa elimu wa kusahihisha. Fatwa haikuiangalia mashine peke yake. Iliangalia pia ni nani atakayesimama baina ya mashine na msomaji. Mtu huyo anaitwa musahhihi, na tutarejea kwake.

Kwa misahafu, kilichofungua mlango zaidi ni chapa ya jiwe kuliko risasi. Ufundi huo ulivumbuliwa na Alois Senefelder huko Ujerumani mwaka 1796. Mwandishi wa khati huandika kwa mkono wake kwa wino wa mafuta, maandishi yakahamishiwa juu ya jiwe, kisha zikatolewa nakala nyingi. Hapo hakuna haja ya kuzivunja herufi za Kiarabu vipande vipande ilhali tabia yake ni kushikana. India, Iran na Morocco zilichapa vitabu vingi kwa njia hiyo katika karne ya 19. Watu waliridhika kwa sababu jicho lilikuwa linaona mkono wa katibu, na katibu alikuwa anajulikana.

Huku kwetu pwani, Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, aliweka kiwanda cha chapa. Humo vilichapwa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi, kikubwa kikiwa Qamus al-Sharia cha Sheikh Jumayyil bin Khamis al-Sa'di, chenye juzuu nyingi. Kwa hivyo bahari hii yetu ilikuwa na herufi za Kiarabu za kupiga chapa zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Na Kiswahili chenyewe, kilichoandikwa kwa herufi hizo karne nyingi, kilikuwa na shida yake. Kiarabu hakina herufi ya p, wala ya ch, wala ya v, na irabu zake tatu hazitoshi kutenganisha e na i, au o na u. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alishirikiana na W. E. Taylor katika kuzipatia sauti hizo alama zake. Lakini alama mpya ukiiandika kwa kalamu ni rahisi. Ukitaka kuichapa lazima kiwanda kiwe na kipande chake. Fundi asipokuwa nacho hutumia kilicho karibu, na neno likageuka.

MSAHAFU WA MISRI NA MSAHAFU WA MADINA

Mwaka 1342 Hijria, sawa na 1924, ulikamilika Misri msahafu uliopangwa kwa herufi za kiwanda cha Bulaq, maarufu kwa jina la Msahafu wa Amiri au wa Mfalme Fuad. Kamati yake iliongozwa na Sheikh Muhammad bin Ali al-Husayni al-Haddad, mkubwa wa wasomaji wa Misri. Sababu moja ya kuundwa kwake ni makosa yaliyoonekana katika nakala zilizokuwa zikitumika mashuleni. Sheikh aliirejesha rasmu kwenye vitabu vya al-Dani na mwanafunzi wake Abu Dawud, na mwishoni mwa msahafu wakaandika maelezo ya alama zote walizotumia. Yaani hawakumwambia msomaji awaamini tu. Walimpa na njia ya kuwakagua.

Kisha mwaka 1405 Hijria (1984) kilifunguliwa Madina kiwanda cha Mfalme Fahd cha kuchapa Qur'ani. Msahafu wake uliandikwa kwa mkono na Uthman Taha, mzaliwa wa upande wa Aleppo huko Syria, una kurasa 604, kila ukurasa mistari 15, na kila ukurasa unakwisha mwisho wa aya. Huu ndio msahafu ulioenea zaidi misikitini mwetu leo.

Zilipokuja kompyuta, kiwanda hicho kilitaka mwandishi apate khati ile ile bila kupungua kitu. Njia moja iliyotumika ni kutengeneza fonti 604, kila ukurasa wa msahafu na fonti yake. Ndani ya fonti hizo umbo moja si herufi moja, bali kwa kawaida ni neno zima, kama lilivyotoka mkononi mwa Uthman Taha. Na hapa ndipo palipokuwa na shimo tulilotumbukia.

KOMPYUTA INAHIFADHI NINI?

Kompyuta haihifadhi maumbo. Inahifadhi namba. Katika mpango wa Unicode, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, herufi ba ina namba yake, ta ina namba yake, na hata pe ya Kiajemi na Kiswahili ina yake. Kazi ya fonti ni kuivisha namba hiyo umbo. Ukibadilisha fonti, ba itabaki ba, pengine nene, pengine nyembamba. Hilo ni sawa na kutoka Kufi kwenda naskhi: khati imebadilika, matamko yamesalimika.

Fonti za kurasa hazifanyi hivyo. Namba ya kwanza katika fonti ya ukurasa wa 5 ni neno la kwanza la ukurasa wa 5, na namba hiyo hiyo katika fonti ya ukurasa wa 200 ni neno la kwanza la ukurasa wa 200. Namba peke yake haina maana. Maana yote imo ndani ya fonti. Sisi tulibandika aya zinazotoka kurasa mbalimbali za msahafu, halafu kiolezo chetu kikazivisha zote fonti ya ukurasa mmoja. Kompyuta ikatii. Ikatoa neno la 20, la 21 na la 22 za ukurasa ule, kwa khati nzuri kabisa, juu ya tafsiri isiyokuwa yake.

Fonti yenyewe haina lawama. Waliyoitengeneza waliitengeneza kwa kazi maalumu, na kwa kazi hiyo ni amana kubwa. Lawama ni ya aliyeitumia bila kujua ilivyo.

NANI ANADHAMINI?

Baadhi ya wenzetu walisema gharama za kuchapa upya abebe mpiga chapa, kwa kuwa kazi ilitoka mikononi mwake. Mas'ala haya fuqahaa wameyazungumza katika mlango wa ajiri mushtaraki, yaani fundi anayefanyia kazi watu wote, kama mshona nguo na mpaka rangi. Imam Malik, na pia Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, wamewadhaminisha mafundi katika vitu vya watu vinavyoharibikia mikononi mwao, kwa tafsili zao. Imam Abu Hanifa, na ndiyo kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi'i, amesema fundi mkono wake ni mkono wa amana, hadhamini ila akivuka mpaka au akizembea.

Tukaipima kazi yetu kwa kauli zote. Mpiga chapa alichapa alichopewa. Nakala ya majaribio alituletea, tukaikubali kwa macho bila kuisoma. Hata kwa wanaodhaminisha, fundi aliyefuata amri ya mwenye mali katika jambo ambalo mwenye mali ndiye aliyelikosea hana la kulipa. Tulilipa wenyewe. Nakala tulizikusanya moja moja kwa muda wa wiki mbili, tukawaomba watu radhi baada ya sala ya Ijumaa, kisha karatasi zenye maneno ya Mwenyezi Mungu tukaziteketeza kwa heshima, kwa kufuata kitendo cha Sayyidna Uthman (r.a.) alipoziteketeza sahifa zilizokhitalifiana na msahafu wake. Uzito wa siku ile ulikuwa katika kumuuliza kila mtu, "Je, umeshaisoma?" Fedha tulizisahau mapema.

KAZI YA MUSAHHIHI LEO

Kutokana na yaliyotupata, tumejiwekea utaratibu ambao tunauona unawafaa na wengine.

Kwanza, mahali pa aya katika kiolezo hatutumii tena fonti za kurasa. Tunatumia fonti inayofuata Unicode, na matini yenyewe tunaichukua kutoka nakala iliyosahihishwa, hatuiandiki kwa vidole. Ipo fonti ya Amiri, iliyotengenezwa na Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata herufi za Bulaq, ambayo inapatikana bila malipo. Anayehitaji fonti za kurasa na azitumie, lakini kila kipande kiwe na fonti ya ukurasa wake, na kiolezo kisiguse.

Pili, fonti zote za kazi moja tunaziweka katika jalada moja pamoja na kiolezo, na katika kila kompyuta inayotumika tunasakinisha toleo lile lile kabla ya kufungua faili. Fonti ikikosekana, programu nyingi huweka nyingine badala yake, na mara nyingi hazipigi kelele.

Tatu, kinachokwenda kwa mpiga chapa ni faili la PDF ambalo fonti zimepachikwa ndani yake, ili lisitegemee kilichomo katika kompyuta yake. Zipo programu za kupanga kurasa ambazo, zisipotayarishwa kwa Kiarabu, huziachanisha herufi na kuzigeuza zitoke kushoto kwenda kulia. Faili lililopachikwa vizuri linaepuka balaa hilo.

Nne, fonti ni mali ya watu. Majma' ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha tano Kuwait mwaka 1988, azimio namba 43, iliamua kwamba haki za utungaji na uvumbuzi ni haki zinazohifadhiwa kisheria na haifai kuzivamia. Ni aibu kuandika neno la Mwenyezi Mungu kwa fonti iliyoibwa, hasa ikiwa za halali na za bure zipo.

Tano, na hili ndilo kubwa, hakuna kurasa inayotoka kwetu mpaka isomwe kwa sauti. Mmoja anasoma kutoka karatasi iliyochapwa, na hafidhi anasikiliza akiwa na msahafu mbele yake. Karatasi, si kioo cha kompyuta, kwa sababu kilicho kwenye kioo huenda kisiwe kilicho kwenye karatasi. Msomaji wetu wa kwanza katika kazi hii ni kijana yule yule aliyetujia baada ya alasiri.

Ndugu msomaji, toka kalamu ya mwanzi hadi risasi, toka risasi hadi jiwe, na toka jiwe hadi kompyuta, vyombo vimebadilika na vitabadilika tena. Kilichowalinda waliotutangulia ni kuwa kila chombo walikiwekea mtu mwenye elimu wa kukisimamia. Venice walikuwa na mashine wakamkosa musahhihi. Sisi tulikuwa na fonti iliyo bora, na tukamkosa vile vile, ilhali alikuwa amekaa safu ya tatu katika msikiti wetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipokosea na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoichunga amana. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.